Ekari tano za konokono wa chuma

Shamba la ekari tano hapa Mkunya, ukipanda mikorosho kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, linaingia miti 140 hivi. Ekari tano ni hekta mbili. Mwaka 2019, shirika la uhifadhi la IUCN lilipomtangaza konokono mwenye magamba ya chuma wa Bahari ya Hindi kuwa hatarini kutoweka, makazi yake yote yaliyojulikana hayakufikia hekta mbili. Baadaye ameonekana kwingine, kama eneo la Wocan, kwa hiyo hesabu hiyo imepanda. Ila bado ni vipande vidogo vilivyotawanyika.

Anaishi kwenye chemchemi za majimoto, yaani nyufa za sakafu ya bahari zitoazo maji yaliyochemshwa na miamba ya moto. Moja ya chemchemi hizo, Longqi, ina kina cha mita 2,780 hivi. Kila mita 10 za maji huongeza takriban kilo moja kwa sentimita ya mraba, hivyo eneo la ukubwa wa ukucha hubeba kilo 280, karibu magunia matatu ya kilo 100. Konokono mwenyewe hufikia sentimita nne na nusu, wala hatafuti chakula: hulishwa na bakteria waliomo mwilini mwake.

Husemwa kwamba wanyama wa chemchemi kama hizo hurudi upesi wakiteketea. Ushahidi unaotajwa sana ni wa mashariki mwa Pasifiki: volkano ililipuka 1991, na kufikia Desemba 1993 minyoo ya mirija ilikuwa na urefu wa mita 1.5. Lakini pale mabamba ya dunia huachana kwa sentimita 11 hivi kwa mwaka, na volkano ililipuka tena 2005 na 2006. Huko Longqi huachana kwa sentimita 1.4 hivi, mara nane pungufu. Mnyama aliyezoea kuunguliwa mara kwa mara hawezi kuwa kipimo cha asiyezoea.

Longqi iliingia katika eneo la utafiti wa madini la China mwaka 2011. Chemchemi ya Kairei, alikogunduliwa konokono huyu 2001, iliingia katika la Ujerumani mwaka 2015. Mkataba mmoja wa utafiti huo unaruhusu hadi kilomita za mraba 10,000, sawa na hekta milioni moja. Kanuni za kimataifa za 2010 zilimruhusu mwombaji kulipa ada ya mkupuo ya dola 500,000. Nikichukua dola kwa Sh2,500, ni Sh1.25 bilioni, au Sh1,250 kwa hekta. Meli na roboti hazimo humo, na ada hiyo ililipia kushughulikia maombi tu. Kwa ekari tano za konokono inatoka Sh2,500. Katika minada ya msimu wa 2024/25, kilo moja ya korosho ghafi ilivuka Sh4,000.