Siku Moja Mununga

Jumamosi iliyopita siye walimu wawili wa kujitolea tulipata barua ya ruhusa, tukatoka Mantapala mapema kwenda Mununga. Kazi zetu zilikuwa ndogo tu: kununua madaftari na sabuni, na kupeleka simu ya mama jirani kwa fundi.

Sokoni watu walijaa. Kila mwaka, tangu 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi katika upande wa Zambia wa Ziwa Mweru unafungwa ili samaki wazae. Sasa ni Machi, samaki wamejaa mezani tena.

Penye samaki tukasikia, "Walimu! Ni ninyi kweli?" Kumbe ni rafiki yetu wa dawati moja kule Pweto! Hatukuonana naye tangu tulipokimbia 2017. Tulikaa chini ya mwembe, tukala ugali wa mihogo, tukaulizana: nani ameoa, nani yuko Lubumbashi, nani hatunaye tena.

Akasema, "Mimi narudi kulima shamba la baba. Twendeni." Tukanyamaza. Watoto wa darasa letu tumwachie nani? Akaelewa. "Basi, mtanikuta kule." Akatujazia mfuko wa chisense, kwacha zetu akakataa.

Ruhusa ilikuwa ya siku moja, tukarudi jioni. Simu ya mama tuliisahau kwa fundi! Tumekwisha mwomba radhi, na chisense tumegawana naye.

Msomaji, nawe una rafiki ng'ambo ya ziwa? Mtumie salamu leo.