Mpangilio wa Ngazi za Mafao katika Mifumo ya Kuchakata Madai ya Bima ya Afya: Mfano wa openIMIS

1.0 Utangulizi

Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996 na kutungiwa sheria mwaka 2001. Tangu hapo, swali la msingi la skimu za aina hii halijabadilika: mwanachama analipiwa nini, kwa kiasi gani na kwa masharti gani? Kilichobadilika ni anayelijibu. Pale ambapo zamani dai lilisomwa na mtumishi mwenye kanuni za mfuko mkononi, sasa dai husomwa kwanza na programu ya kompyuta, nayo hujibu kwa kufuata usanidi iliyopewa.

Makala haya yanafafanua usanidi huo kwa kutumia openIMIS, programu huria ambayo chimbuko lake ni mfumo uliotumika mkoani Dodoma mwanzoni mwa muongo wa 2010. Hoja kuu ni kwamba kupanga ngazi za mafao si kazi ya kiufundi peke yake. Ni uamuzi wa kisera unaoamua nani atalipa bili, hata kama aliyeufanya alidhani anajaza fomu tu.

2.0 Ngazi Tatu za Fao

Katika openIMIS, mafao hupangwa kwa ngazi tatu. Ngazi ya juu ni bidhaa ya bima, yaani skimu yenyewe. Hapa huwekwa kiwango cha mchango, idadi ya wanakaya wanaohusika, muda wa bima na kikomo cha jumla cha malipo. Ngazi ya kati ni makundi ya huduma, kama vile upasuaji, kujifungua, kliniki ya wajawazito, kulazwa na kumwona daktari. Kila kundi laweza kuwekewa idadi ya juu ya mara za kutibiwa na kiasi cha juu cha fedha. Ngazi ya chini ni huduma, dawa au kifaa kimoja kimoja. Hapa huamuliwa kipindi cha kungoja, tofauti kati ya mtu mzima na mtoto, chanzo cha bei, na sehemu ya gharama itakayolipwa na skimu kulingana na namna mgonjwa alivyofika: kwa rufaa, kwa dharura au kwa njia ya kawaida.

Ngazi hizi hazifutani. Huduma iliyoruhusiwa katika ngazi ya chini yaweza kukataliwa kwa sababu kikomo cha ngazi ya kati kimekwisha. Ndiyo maana orodha ya huduma zinazolipiwa, ikisomwa peke yake, haimwelezi mwanachama haki yake kamili.

3.0 Dai Moja, Kundi Moja: Upasuaji wa Uzazi

Dai moja huweza kuwa na huduma za makundi mbalimbali, lakini mfumo hulipa dai zima kundi moja. Hufanya hivyo kwa kufuata mfuatano: ikiwa kuna huduma hata moja ya upasuaji, dai lote ni la upasuaji, isipokuwepo, hutazamwa kujifungua, kisha kliniki ya wajawazito, kisha kulazwa, na kuendelea.

Chukuliwe skimu ya kufikirika inayoruhusu upasuaji mmoja kwa kila mwanachama katika kipindi cha bima, pamoja na kujifungua mara moja. Mama anajifungua kwa upasuaji. Ikiwa huduma hiyo imesajiliwa katika kundi la upasuaji, nafasi yake pekee ya upasuaji imekwisha, ilhali nafasi ya kujifungua haijaguswa. Miezi minne baadaye akihitaji kufanyiwa upasuaji wa henia, dai litakataliwa. Msanidi angeisajili huduma ileile katika kundi la kujifungua, dai la pili lingepita. Hata hivyo, tiba hiyo si kamili: ikiwa siku hiyohiyo mama alifungwa kizazi, na huduma hiyo imesajiliwa kama upasuaji, dai lote litarudi katika kundi la upasuaji.

Athari hii huwagusa watafiti pia. Anayehesabu wanawake waliojifungua kwa kutazama kundi la dai peke yake atawaacha nje wale ambao madai yao yamewekwa katika kundi la upasuaji.

4.0 Nani Amelazwa?

Vikomo vya fedha huweza kutenganishwa kati ya huduma za hospitali na zisizo za hospitali. openIMIS humwachia msanidi achague tafsiri mojawapo: aina ya kituo au aina ya dai. Mgonjwa wa malaria anayetibiwa katika hospitali ya wilaya na kurudi nyumbani siku hiyohiyo atahesabiwa upande wa hospitali kwa tafsiri ya kwanza, na upande wa wagonjwa wa nje kwa tafsiri ya pili. Kwa kaya inayoishi karibu na hospitali lakini mbali na zahanati, chaguo hilo moja laweza kumaliza kikomo chake mapema.

5.0 Mfuatano wa Hesabu

Katika mfumo wowote wa madai, hata namba zikibaki zilezile, mfuatano wa kuzitumia hubadilisha malipo. Tuseme dai ni la shilingi 100,000, kikomo cha fao ni shilingi 50,000, na mgonjwa huchangia asilimia 20. Kikomo kikitangulia, skimu hulipa asilimia 80 ya 50,000, yaani shilingi 40,000. Mchango wa mgonjwa ukitangulia, gharama hushuka hadi 80,000, kisha kikomo huifanya 50,000. Tofauti ya shilingi 10,000 hutoka mfukoni mwa mgonjwa au katika mapato ya kituo, na kanuni isiyotaja mfuatano haimlindi yeyote kati yao.

6.0 Hitimisho

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeupa suala hili uzito mpya, kwa kuwa kitita cha mafao kilichoandikwa kwa lugha ya kisheria hakina budi kugeuzwa kuwa usanidi. Mambo matatu yanahitajika. Kwanza, kila chaguo la usanidi liandikwe pamoja na kifungu kinacholiruhusu. Pili, madai ya majaribio, likiwemo la upasuaji wa uzazi, yapitishwe mbele ya wataalamu wa tiba na wa bima kabla mfumo haujaanza kutumika. Tatu, kila badiliko liwe na tarehe ya kuanza, ili dai la zamani lisihukumiwe kwa kanuni mpya. Bila hayo, mama aliyekataliwa ataambiwa kuwa kompyuta imekataa, ilhali waliokataa ni watu ambao uamuzi wao haukuandikwa popote.