Jicho la Watu Huchosha Kuliko Kazi

Mhasibu anayerudia hesabu zake mara tano kabla ya kuzikabidhi husifiwa ofisini. Mwenzake wa meza ya pili naye hurudia mara tano. Ukiwatazama huoni tofauti. Lakini mmoja anarudia kwa kuwa anapenda hesabu iliyonyooka. Mwingine anarudia kwa sababu tayari anamsikia bosi akimsema. Wanasaikolojia wameichunguza tofauti hiyo kwa zaidi ya miaka 30, na walichokikuta kinawagusa wengi wanaoamka wakiwa wamechoka kabla hata ya kutoka kitandani.

Mwaka 1991, Paul Hewitt na Gordon Flett, watafiti wa nchini Canada, walionyesha kwamba kiu ya ukamilifu si kitu kimoja. Yupo anayejidai mwenyewe. Yupo anayewadai wengine. Na yupo anayeamini kwamba watu ndio wanaomdai: kwamba akikosea mara moja, thamani yake imeshuka machoni pao. Huyu wa tatu ndiye wa kuhurumiwa, kwa kuwa kipimo chake kimo mikononi mwa wengine, na kila akikifikia anakikuta kimepandishwa.

Andrew Hill na Thomas Curran wa Uingereza walilipeleka jambo hili kwenye uchovu wa kazi. Mwaka 2016 walichapisha uchambuzi wa tafiti 43 zilizofanywa kwa wafanyakazi, wanamichezo na wanafunzi. Kujiwekea malengo ya juu, peke yake, hakukuonekana kuwa na uhusiano mkubwa na uchovu huo. Kilichoandamana nao ni hofu: hofu ya kukosea, mashaka juu ya kila ulichofanya, wasiwasi wa kuhukumiwa. Kwa hiyo kumwambia mtu “punguza bidii” ni kumpa dawa ya ugonjwa mwingine.

Uchovu wenyewe si ule unaoisha kwa usingizi wa Jumapili. Herbert Freudenberger aliueleza mwaka 1974 baada ya kuwaona watu waliojitolea katika kliniki ya bure mjini New York wakiishiwa nguvu na moyo. Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akaupa sura tatu: nguvu za hisia kukauka, moyo kuwa mgumu kwa wale unaowahudumia, na kujiona hufai kitu. Hiyo ya pili huumiza kimyakimya. Muuguzi aliyekuwa akiwaita wagonjwa kwa majina anaanza kuwaita kwa namba za vitanda, halafu anajichukia kwa hilo.

Mwili nao una hesabu yake. Tukitishwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kotisoli, inayotusaidia kukabili hatari. Hatari ikipita, hushuka. Ila anayeogopa lawama huibeba hatari hadi nyumbani. Anakula chakula cha usiku huku akiirudia sentensi aliyoikosea kwenye kikao cha asubuhi. Kazi imekwisha, msongo haujaisha.

Katika uchambuzi ule wa tafiti 43, hofu hiyo iliumiza zaidi kazini kuliko shuleni au michezoni. Siioni ajabu. Mwanafunzi hupewa alama, mkimbiaji huona mstari wa kumalizia. Kazini ni nani anayekuambia kwamba sasa inatosha?

Na hofu inakua. Curran na Hill walilinganisha majibu ya wanafunzi 41,641 wa vyuo vya Marekani, Canada na Uingereza, waliopimwa kati ya 1989 na 2016. Hisia ya kudaiwa ukamilifu na jamii ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 33, na kuzishinda aina zile nyingine mbili.

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliutaja uchovu huu kuwa hali itokanayo na kazi, halikuuita ugonjwa. Naona uzito katika uamuzi huo. Maslach na mwenzake Michael Leiter kwa miaka mingi wameelekeza macho kwenye kazi yenyewe: wingi wake, uhuru wa kuamua, malipo na shukrani, mahusiano, haki, na maadili. Likizo ya wiki mbili ni njema. Lakini mtu akirudi kwenye meza ileile, chini ya msimamizi yuleyule asiyesema neno ila pale penye kosa, kufikia Ijumaa atakuwa amerudi alipokuwa.