Je, Wajua? Friji Inayopoza kwa Moto

Je, wajua kwamba ndani ya magari-nyumba mengi ya Marekani, yale yenye kitanda, jiko na choo ambayo wastaafu huzunguka nayo nchi nzima, maziwa hupozwa kwa moto? Nyuma ya friji kuna kichomeo kidogo cha gesi ya propani. Hakuna kompresa, na katika mfumo mzima wa ubaridi hakuna chuma hata kimoja kinachozunguka.

Moto unagandishaje barafu? Unachemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Mvuke wa amonia hupanda, hupoa kwenye mabomba ya juu ukawa kimiminika, kisha hushuka na kukutana na haidrojeni. Ujanja wote uko hapo. Penye haidrojeni, amonia hugeuka mvuke hata kwenye baridi kali, na ikigeuka hufyonza joto la nyama na maziwa yako. Baadaye maji huinywa tena, na mzunguko huanza upya.

Mfaransa Ferdinand Carré alitengeneza mashine ya barafu ya amonia na maji mwaka 1859. Hii ya haidrojeni ilibuniwa mwaka 1922 na vijana wawili waliokuwa bado wanafunzi jijini Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters. Kampuni ya Electrolux ikainunua.

Je, wajua Albert Einstein naye alikuwa fundi friji? Yeye na Leó Szilárd walipata hataza ya Marekani tarehe 11 Novemba 1930 kwa friji yao isiyo na kompresa. Haikuingia sokoni.

Usidhani haya ni mambo ya Wazungu na mabasi yao. Friji ya mafuta ya taa iliyotunza chanjo kwenye zahanati zetu za vijijini ni ndugu wa tumbo moja na hiyo ya gari-nyumba. Muuguzi aliyeikata utambi na kuinama kuangalia kama mwali ni wa bluu alikuwa akiendesha kazi ile ile ya von Platen na Munters.

Sasa kwa nini wenye magari-nyumba wanaing'oa friji hii ya amonia na kuweka ya kawaida ya nyumbani, yenye kompresa? Kwanza, haitaki mshazari. Vitabu vya maelekezo huruhusu gari lililoegeshwa liiname nyuzi 3 tu kiubavu na nyuzi 6 mbele au nyuma. Humo ndani hakuna pampu ya kusukuma. Vimiminika hurudi kwa kuteremka vyenyewe. Ukiegesha kilimani, maji ya amonia hutuama, kichemsheo hukauka na kuungua, na kemikali ya kromati iliyowekwa kuzuia kutu huganda na kuziba bomba. Ndiyo maana mwenye gari-nyumba huwa na pima maji kama fundi mwashi. Gari likiwa mwendoni hakuna taabu sana, mtikisiko huchanganya kila kitu.

Ukiona unga wa manjano nyuma ya friji na kusikia harufu kali ya amonia, mfumo umevuja. Usiuguse unga huo kwa mikono mitupu, maana kromati ni sumu.

Pili, ni mvivu. Kutoka joto la kawaida hadi ubaridi wa kufaa huweza kuchukua usiku mzima, na jua la Arizona likiwaka friji hubaki kuhangaika tu.

Tatu ni moto wenyewe. Mwaka 2006 friji zaidi ya 900,000 ziliitwa zirudi kurekebishwa nchini Marekani, kwa kuwa bomba la kichemsheo liliweza kupasuka na kusababisha moto.

Je, wajua kwamba friji ya nyumbani inayochukua nafasi yake hula umeme kidogo kuliko hiyo ya zamani ikichomekwa kwenye soketi? Kipasha cha friji kubwa ya amonia hufika wati 300 au zaidi. Friji ya kawaida ya futi za ujazo 10 hutumia kama yuniti moja kwa siku. Lakini ngoja kwanza. Ya zamani ikiwa kwenye gesi, mtungi wa kilo 9 huipeleka wiki mbili hivi pasipo nguzo ya umeme karibu. Hii mpya itakula betri.

Piga hesabu. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina yuniti 1.2, na ya asidi hupaswi kuishusha chini ya nusu. Kwa hiyo siku moja ya friji inataka betri mbili, kabla hujawasha taa. Inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi, nayo hula umeme hata kompresa ikiwa imetulia, na lazima ihimili ule mshtuko wa kompresa inapoanza, ambao ni mara kadhaa ya wati zake za kawaida. Kwa maoni yangu, anayenunua friji kabla ya kununua betri ameanza kazi mkiani.

Kupitisha friji mlangoni? Mara nyingi haipiti. Mafundi hung'oa dirisha, au hata kioo cha mbele cha gari.

Kuitoa ile ya zamani kunahitaji adabu. Amonia na haidrojeni zimefungiwa kwa presha zaidi ya mara 20 ya hewa tunayovuta, basi msumeno ukae mbali na mabomba hayo. Bomba la gesi hufungwa kwa kizibo na kupimwa kwa povu la sabuni. Tundu la hewa la ubavuni na lile la paani huzibwa, la sivyo mvua na vumbi vitaingia nyuma ya friji mpya.

Mlango wa friji ya nyumbani hushikwa na sumaku ya mpira tu. Kona ya kwanza kali, mayai yako sakafuni. Weka kitasa, na uifunge friji yenyewe kwa skrubu sakafuni.

Je, wajua kwa nini hoteli nyingi huweka vijifriji vya amonia vyumbani? Havitoi sauti. Ndiyo sababu usiku wa kwanza baada ya kubadilisha, wenye gari-nyumba hushtuka usingizini na kuulizana ni nini kinachonguruma jikoni.