Kabla Hujapanda Meli ya Matembezi

Mwishoni mwa mwaka 2023, usiku baada ya Isha, kijana wangu afanyaye kazi Dubai alinipigia simu. "Baba," akasema, "kuna meli za matembezi hapa. Wiki moja baharini: Dubai, Doha, Maskati na kurudi. Nataka wewe na Mama mje mpande, gharama juu yangu." Nikamwambia nitafikiri. Mama watoto, aliyekuwa ametega sikio kando yangu, alikwisha maliza kufikiri.

Msomaji asinidhanie mgeni wa mambo ya bahari. Nimekuwa karani bandarini Kilindini kwa zaidi ya miaka 30, na meli za watalii nimezipokea hata hesabu imenipotea. Na hizo hizo ndizo zilizonitia shaka. Meli ilifunga gatini alfajiri, na kabla jua halijapanda wageni walikuwa ndani ya mabasi, mbio kwenda Tsavo kutazama ndovu. Waliobaki walizungushwa Ngome ya Yesu, wakanunua kinyago, wakarudi. Magharibi meli yang'oa nanga. Mombasa walifika, naam, lakini hawakuiona. Hawakukaa barazani wala hawakumjua mtu hata mmoja kwa jina. Sisemi haya kwa kuwalaumu. Anayepanda meli ya matembezi hununua meli. Bandari ni nyongeza tu.

Jambo hilo lilinikaa moyoni kwa sababu ya Maskati. Dada yangu mkubwa aliolewa huko, akaa Sib, na tangu mwaka 2009 hatukuwa tumeonana. Ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Kijana alidhani atatupa starehe na dada kwa pamoja. Nikaomba ratiba. Meli ingefika Matrah saa 2 asubuhi na kuondoka saa 12 jioni, na kila abiria awe amerudi saa moja kabla. Toa foleni ya paspoti, toa teksi ya kwenda Sib na kurudi, zabaki kama saa 6. Miaka 14 kwa saa 6! Tena ukichelewa meli haikungoji. Utaifuata bandari ya mbele kwa pesa zako.

Nikamwendea kijana mmoja wa Majengo ambaye ni mhudumu wa chakula katika meli hizo. Alinifumbua macho. Bei inayotangazwa, alisema, ni chumba, chakula na maonyesho ya jioni. Juu yake aghalabu kuna bakhshishi ya wahudumu, ambayo hutozwa kwa kila kichwa kila siku, kisha intaneti, matembezi ya nchi kavu, na daktari wa meli ambaye si rahisi hata kidogo. Chumba cha bei nafuu hakina dirisha. Ukizima taa hujui ni usiku au mchana. Mwenye kulewa na bahari atake chumba cha katikati ya meli, ngazi za chini. Na mwenye kifua dhaifu amuulize daktari wake kwanza, kwani watu wengi mahali pamoja huambukizana upesi. Februari 2020 Diamond Princess ilizuiliwa Yokohama ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 wakapata korona.

Kuhusu nyama, alinionya nisidhani ni halali kwa kuwa meli imetoka Dubai. Huagizwa mapema, kwa maandishi, na usipopata jibu la kukutuliza, kula samaki na mboga, tena uulize mchuzi umetiwa nini. Baa na kamari zimo, na huenda ukapita mbele yake ukienda kula. Ambaye roho yake itachafuka kila siku kwa hayo, naona afadhali pesa zake aende nazo Umra. Ama sala, sheikh wetu alinieleza yajulikanayo: msafiri hupunguza na kukusanya, husimama akiweza, na meli ikigeuka naye huigeukia kibla. Runinga ya chumbani huonyesha ramani na meli inakoelekea.

Baada ya yote hayo nikaamua kukataa. Nikamwambia mke wangu: twende Maskati kwa ndege, tukae kwa dada wiki mbili. Alinyamaza kitambo. Kisha akanihadithia kwamba alipokuwa na miaka 9 babake alimpeleka Kilindini kumsindikiza ami yake aliyekuwa akisafiri na Karanja, ile meli iliyochukua abiria baina ya Bombay na Mombasa hadi mwaka 1976. Alizitazama taa za madirisha mpaka zikapotea.

"Tangu siku hiyo nazitazama meli zikipita Likoni," akasema, "na sijalala ndani ya moja hata usiku mmoja. Wewe umezipokea miaka 30. Mimi nilikuwa nyumbani nikikupikia."

Sikuwa na la kujibu. Muda wote ule nilikuwa nimejiuliza kama safari ile yanifaa mimi. Yeye alitaka meli, na meli ndiyo inayouzwa. Mimi nilimtaka dada.

Nikampigia dada kumweleza. Akacheka. "Kwani mimi nimekatwa miguu? Dubai ni saa moja kwa ndege. Niwekeeni kitanda nami nipande."

Vyumba huhesabiwa kwa watu wawili, na mtu wa peke yake hulipa karibu mara mbili. Kwa hiyo ilibidi kijana naye achukue likizo. Februari 2024 tukapanda sote wanne. Mawifi wakachukua chumba chenye dirisha, mimi na kijana tukapewa kisicho nalo. Tulipofika Maskati dada hakushuka. Alisema Maskati aijua. Alikaa juu ya sitaha na wifi yake, akanituma sokoni Matrah nikawanunulie halua.