Ukiushi wa Umbo katika Uchoraji wa Kidijitali: Mfano wa Soko la Kariakoo

Ukiushi wa umbo ni mbinu ya kubadili kwa makusudi vipimo vya kitu kinachochorwa. Katika programu ya kuchorea kama Krita, picha huweza kutandazwa wavu; mchoraji anaposogeza makutano ya wavu huo, programu hukokotoa upya rangi ya kila kitone cha picha. Kwa kuwa ukokotoaji unaorudiwarudiwa hufifiza kingo, inafaa kazi ifanywe juu ya nakala, si juu ya mchoro asilia.

Hata hivyo, suala la msingi ni maana. Jengo la Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, hutambulika kwa paa lake lenye umbo la miavuli iliyopinduliwa. Mchoraji akiitanua miavuli hiyo, jengo hubaki kuwa Kariakoo, na upekee wake husisitizwa. Akizipinda nguzo, mtazamaji anayekumbuka moto wa Julai 2021 huweza kudhani kuwa jengo liliporomoka, ilhali halikuporomoka. Hivyo, ukiushi huweza kuudhihirisha ukweli au kuughushi. Programu haibainishi tofauti hiyo. Jukumu hilo ni la mchoraji.