Swichi mbili, namba moja

Mwaka 2013, mhandisi aliyeitwa na mawakili wa familia iliyofiwa na binti yao katika ajali ya Chevrolet Cobalt huko Georgia, Marekani, alilinganisha swichi mbili za kuwashia gari. Zote zilikuwa na namba moja ya kipuri. Alipozifungua, akakuta kijipini kinachosukumwa na springi ni kirefu zaidi katika ile mpya.

Kijipini hicho ndicho kinachoushikilia ufunguo usizunguke wenyewe. Katika swichi ya zamani kilikuwa dhaifu: ufunguo ukiguswa na goti au ukilemewa na funguo nyingine, injini huzimika safarini, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa haifunguki gari likigonga. Mwaka 2014 General Motors iliita magari yapatayo milioni 2.6 yarekebishwe. Mfuko wa fidia ulitambua vifo 124.

Kosa la pili lilikuwa la makaratasi. Mwaka 2006 mhandisi wa kampuni aliidhinisha swichi iliyoimarishwa, lakini namba haikubadilishwa. Wachunguzi wa ndani waliona magari mapya hayana tatizo lile, wakashindwa kuelewa kwa nini, maana kumbukumbu zilisema swichi ni ileile.

Hapa ndipo swali ambalo watafiti wa usanifu wa kihandisi hulirudia linapopata uzito: kipuri ni nini, na bidhaa ni nini? Kwa Delphi, iliyoitengeneza, swichi ile ilikuwa bidhaa kamili yenye vipande vyake. Kwa General Motors ilikuwa kipuri kimoja kati ya maelfu. Jibu hutegemea nani anatazama, na kwa sababu hiyo mabadiliko ya ndani yanaweza kupita bila kuonekana na aliye nje.

Wahandisi wana kanuni ya kuziba pengo hilo: umbo, namna kipuri kinavyokaa mahali pake, na kazi yake. Kimojawapo kikibadilika kiasi kwamba cha zamani hakiwezi tena kushika nafasi ya kipya, hicho ni kipuri kingine na kipewe namba yake.

Muuza spea wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, hana namna ya kupasua kila swichi anayouza. Yeye na mteja wake wanaiamini namba. Wanafunzi wa uhandisi wafundishwe mapema kwamba kuiandika kwa uaminifu ni sehemu ya usalama wa gari, sawa na kukaza breki.